Masizi Yasiyomfikia Mtu

Chini ya Ziwa Kivu, kuanzia kina cha mita 260 hivi, maji yamebeba hewa ya ukaa ipatayo kilomita za ujazo 300, pamoja na methani ipatayo kilomita za ujazo 60. Maji ya juu ya ziwa hilohilo hutokea upande wa kusini, kati ya Cyangugu na Bukavu, yakawa mto Rusizi. Hapo, kwenye daraja la Rusizi ya Kwanza, ndipo watu wa Rwanda na wa Kongo wanapovuka mpaka kwa miguu, na mto wenyewe, kabla haujafika mbali, huzungusha mitambo ya umeme iliyoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukiteremka hadi Bugarama utakuta kiwanda cha saruji cha CIMERWA kikichoma mawe ya chokaa, nayo mawe hayo ni ghala la kaboni. Mkaa unaopikiwa pande zote mbili za daraja ni kaboni. Mihogo na samaki waitwao sambaza vina kaboni, na mwili wa anayevila pia. Haishangazi basi kwamba mhubiri wa siku hizi, akitaka kumthibitisha Mungu kwa sayansi, huikimbilia kaboni. Husema kwamba kitu hiki kimoja, ambacho pasipo hicho hakuna uhai tunaoujua, kimepangwa kwa usahihi wa kutisha, na aliyekipanga alikuwa akitufikiria sisi.

Hoja hiyo haikuzaliwa mimbarini. Mwaka 1953 Fred Hoyle, mtaalamu wa nyota wa Uingereza ambaye hakuwa mtu wa dini, alikuwa California akitafakari jinsi kaboni inavyotengenezwa ndani ya nyota. Viini vitatu vya heliamu vinapaswa kuungana, na kwa njia ya kawaida muungano huo ni mgumu mno. Kaboni ingekuwa haba kupita kiasi. Hoyle akaligeuza swali: kwa kuwa kaboni ipo kwa wingi, basi kiini chake lazima kiwe na kiwango fulani cha nishati kinachorahisisha muungano, na akakadiria kiwango chenyewe. Wapimaji wa maabara ya Caltech walitafuta wakakikuta, kwenye elektronivolti milioni 7.65. Miaka mingi baadaye Hoyle alisema kwamba mambo yanaonekana kana kwamba kuna akili iliyoichezea fizikia. Kutoka hapo mruko ni mfupi. Kaboni imepangwa, sisi ni watu wa kaboni, basi imepangwa kwa ajili yetu. Nakubali hatua ya kwanza kuwa ni jambo la kustaajabisha, na ya pili haina ubishi. Ya tatu haifuati, na ushahidi wa kuipinga unatoka kwenye nyota za kaboni zenyewe, hasa zile za galaksi ndogo. Naamini pia kwamba mwumini akiiacha hatua hiyo ya tatu hapungukiwi na kitu.

Nyota za kaboni zilitambuliwa kwanza na padri. Angelo Secchi alikuwa Mjesuiti mjini Roma, wa shirika lilelile lenye shule ya Alfajiri hapo Bukavu, ng'ambo ya daraja. Katika miaka ya 1860 alikuwa akizipanga nyota kwa kuuchambua mwanga wake, akatenga kundi la nne, la nyota nyekundu mno ambazo mwanga wake una mikato ya giza inayolingana na mwali wa vitu vyenye kaboni. Sababu yake leo inajulikana. Nyota inayolizidi Jua kwa uzito kiasi, ikizeeka, huunguza heliamu katika ganda linalozunguka kiini chake. Uunguzaji huo hauendi sawasawa. Huripuka mara moja moja, kwa vipindi vya maelfu ya miaka, na kila baada ya mripuko gesi hutibuka, ikachota kaboni kutoka ndani na kuipandisha juu. Huko juu kuna mizani. Kila chembe ya oksijeni hukamata chembe moja ya kaboni, na zikishashikana haziachani kirahisi. Oksijeni ikiwa nyingi zaidi, kaboni yote hufungwa humo isionekane. Kaboni ikizidi hata kidogo, ile ya ziada hubaki huru, hujiunga yenyewe kwa yenyewe, na mwishowe huwa masizi.

Nyota hizi pia hazina mwanga wa kudumu. Huvimba na kusinyaa kwa vipindi vya siku mia kadhaa, zikififia na kung'aa. Mojawapo, R Leporis, iliyoelezwa na Mwingereza John Russell Hind mwaka 1845, huzunguka katika hali zake kwa siku 430 hivi, na ikiwa katika kilele chake huonekana kwa darubini ya mkononi. Wafuasi wa Aristotle walishikilia kwa karne nyingi kwamba mbinguni hakuna kinachobadilika, kwa kuwa kubadilika ni alama ya upungufu. Kisha mwaka 1596 David Fabricius, mchungaji wa Kilutheri, akaiona nyota inayoitwa leo Mira ikififia hadi ikapotea machoni. (Inafurahisha kwamba mtu wa kanisa alikuwa miongoni mwa waliolivuruga wazo hilo.) Katika nyota za kaboni kubadilika kwenyewe ndiko injini ya kazi yote. Kila inapovimba, nyota hurusha gesi hadi mahali penye ubaridi wa kutosha masizi kuganda. Mwanga wake huyasukuma masizi nje, nayo huiburura gesi. Ingekuwa tulivu, kaboni nyingi ingebaki humo ndani, izikwe pamoja na kiini.

Sasa zije galaksi ndogo. Vizazi vichache vya nyota vimepita ndani yake, na mvutano wake dhaifu huacha mazao mengi ya nyota yatoroke. Kwa hiyo nyota ya huko huzaliwa na oksijeni kidogo sana. Matokeo yake ni kinyume na ambavyo mtu angetazamia. Palipo na ufukara wa elementi nzito ndipo nyota inapogeuka kuwa ya kaboni kwa urahisi, kwa kuwa kaboni kidogo tu iliyochotwa inatosha kuishinda oksijeni. Mwaka 1978 Betty Blanco, Victor Blanco na Martin McCarthy, ambaye naye alikuwa Mjesuiti, wa Kituo cha Anga cha Vatikani, walionyesha kwamba katika Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo jirani na yetu, nyota za kaboni ni nyingi mno zikilinganishwa na majitu mekundu ya kawaida, na katika Wingu Dogo, lililo fukara zaidi, uwiano huo unazidi kupanda. Orodha iliyochapishwa mwaka 2001 ilitaja nyota za kaboni 7760 katika Wingu Kubwa peke yake. Mawingu haya, anayesimama Rusizi ya Kwanza atayatafuta upande wa kusini, kule mto unakoelekea, wala hayapandi zaidi ya nyuzi 23 hivi juu ya upeo, kwa hiyo vilima na taa za mji huyameza kwa urahisi.

Lakini kitovu cha hoja yangu ni galaksi ndogo zaidi, ile ya Sculptor. Harlow Shapley aliitangaza mwaka 1938 kutokana na picha zilizopigwa Afrika Kusini, katika kituo cha Boyden karibu na Bloemfontein. Jioni za Novemba hupita juu sana ya Rusizi, karibu nyuzi 60 kutoka upeo wa kusini, na hakuna jicho la mtu linaloiona. Iko mbali nasi kwa miaka-mwanga inayokaribia 300,000. Mwaka 2009 kundi la wataalamu wa nyota likiongozwa na Gregory Sloan, likitumia darubini ya angani ya Spitzer, lilitangaza kwamba nyota moja ya kaboni humo inatengeneza vumbi la kaboni, ingawa elementi nzito katika galaksi hiyo ni pungufu mara 25 kuliko katika Jua. Miaka miwili baadaye John Menzies na wenzake, waliokuwa wakipima kwa darubini ya mita 1.4 iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, waliripoti nyota mbili za huko zinazobadilika kwa aina ya Mira, moja ikiwa na kipindi cha siku 189 na nyingine siku 554. Kazi ya kaboni basi inaendelea huko. Anayeipokea ndiye asiyeonekana. Sculptor haina akiba ya gesi ya kuzalia nyota mpya. Wataalamu wa nyota wameitafuta na hawakukuta kiasi cha maana. Masizi yanatoka, yanatawanyika, na hayana wingu la kuingia ili siku moja yawe sayari, sembuse ndizi au samaki.

Ukubwa wa jambo hili unaweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Hewa ya ukaa yote iliyomo Ziwa Kivu ina kaboni ya tani milioni 160 hivi. Chukua nyota ya kaboni inayopoteza kwa mwaka sehemu moja ya milioni ya uzito wa Jua, kiwango cha kawaida kwa nyota za aina hii, na udhani kwamba sehemu moja tu ya elfu ya kinachotoka ni kaboni. Itakuwa inamwaga tani zaidi ya bilioni 60 kwa sekunde. Punguza mara kumi ukitaka uangalifu zaidi, bado sekunde moja inaizidi kaboni ya hewa ya ukaa ya Kivu mara nyingi. Na hali hii huendelea kwa maelfu ya miaka. Anayesema kaboni ilipangwa kwa ajili ya mtu hana budi kueleza hii ni ya nani.

Jibu la haraka ni kwamba hatujui matumizi yake ya baadaye. Huenda masizi ya Sculptor yakaingia katika galaksi yetu baada ya mabilioni ya miaka, au huenda wako viumbe wengine ambao hatujawahi kuwasikia. Yote mawili yanawezekana. Lakini aliyeleta kaboni kama ushahidi alidai kwamba jambo linaonekana, na sasa anaiokoa hoja yake kwa kukimbilia lisiloonekana. Huwezi kulifanya jambo kuwa ushahidi linapokupendeza na kuwa fumbo linapokukera. Isitoshe, viumbe wengine wakiwepo, hoja ya «kwa ajili yetu» imekwisha kwa njia nyingine.

Jibu la pili ni zito zaidi, na wanafalsafa wa dini hulipenda. Wanasema ulimwengu unaozaa kaboni kwa sheria moja kila mahali lazima uizae hata pasipo mtu. Ziada ni gharama ya kupata ile inayotufaa. Kwa mwanafizikia maelezo haya yanatosha. Kwa mwanateolojia yana kasoro, kwa kuwa gharama ni neno la mwenye mfuko unaopungua. Mwashi wa mji wa Kamembe huhesabu mifuko ya saruji kwa sababu ikiisha ukuta unakwama. Mwenyezi hana cha kuisha. Ukisema alilazimika kumwaga kaboni ya nyota zisizo na idadi ili apate viumbe wachache kando ya mto fulani, umemfanya awe fundi aliyebanwa na vifaa vyake. Ukisema hakulazimika, basi ile kaboni nyingine aliitaka, na swali la kwa nini aliitaka haliwezi kujibiwa kwa kututaja sisi.

Msikilizaji wa msikitini atanikumbusha kwamba Kurani inasema vilivyomo mbinguni na ardhini vimetiishwa kwa manufaa ya watu. Wa kanisani atataja Mwanzo, mianga iliyowekwa iwe ya majira na mtu aliyepewa kutawala. Sina haja ya kuzikwepa aya hizo. Kupewa ruhusa ya kutumia kitu si kuambiwa kwamba kitu hicho hakina sababu nyingine ya kuwapo. Rusizi unatupa umeme, lakini Kivu lilianza kumwagika kusini maelfu mengi ya miaka kabla ya turubini ya kwanza, baada ya volkano za Virunga kuziba njia ya kaskazini. Hakuna anayesema mto huo ulikuwa ukisubiri mashine. Maandiko hayohayo yana upande wa pili ambao wahubiri wa kaboni hawaugusi. Katika kitabu cha Ayubu, Mungu anapojibu hatimaye, haelezi jinsi kila kitu kinavyomfaa Ayubu; anamwuliza kuhusu mvua inayonyesha nyikani pasipo mtu, na kuhusu wanyama asiowafuga yeyote. Sura ya Ghafir inawakumbusha watu kwamba uumbaji wa mbingu na ardhi unawazidi wao. Na Musa bin Maimun, tabibu Myahudi aliyeandika kwa Kiarabu huko Misri katika karne ya 12, alipinga waziwazi wazo la kwamba viumbe vyote vipo kwa ajili ya binadamu. Kwake kila kimoja kilikusudiwa kwa ajili yake chenyewe. Katika pwani ya Waswahili, ambako elimu ya dini imepita kwa karne nyingi mikononi mwa Mashafii wenye itikadi ya Ash'ari, imefundishwa kwamba matendo ya Mungu hayasukumwi na haja. Nyota ya Sculptor haileti uzushi mpya. Inatukumbusha somo la zamani.

Kuna pingamizi linalotoka nyumbani zaidi. John Mbiti, padri Mwanglikana na mwanazuoni wa Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba mtazamo wa Kiafrika juu ya vilivyopo humweka mtu katikati, na viumbe vingine hutazamwa kwa uhusiano wake naye. Ikiwa ndivyo, labda hoja yangu ni ya kigeni kwa watu ninaowaandikia. Nadhani Mbiti alieleza kwa haki jinsi watu wanavyoishi, mambo ya mvua, mazao na wazee, lakini mahali pa kusimama ili kuutazama ulimwengu si lazima pawe sababu ya ulimwengu kuwapo. Mwenzake wa Rwanda, padri Alexis Kagame, katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya falsafa ya Kinyarwanda ya uwapo, aligawa vilivyopo katika aina nne: chenye akili, kisicho na akili, mahali pamoja na wakati, na namna. Katika mpango huo kisicho na akili kina nafasi yake chenyewe, si kijisehemu cha mtu. Wako waliomkosoa Kagame kwa kuitoa falsafa ndani ya sarufi, na ukosoaji huo una uzito. Hata hivyo inatosha kwangu kwamba Mnyarwanda aliyefikiri kwa kina juu ya jambo hili hakuona ulazima wa kuvigeuza vitu vyote kuwa vyombo vya mtu.

Asiyeamini atakuwa amekaa kimya akitabasamu. Kwake nimemfanyia kazi: ikiwa kaboni yote ile haina mlaji, basi ulimwengu ni upotevu mtupu, na upotevu hauna mpangaji. Simkubalii. Upotevu upo pale ambapo kulikuwa na lengo na kitu kikaenda kando yake. Yeye, kama mhubiri aliyetangulia, amekwisha kuamua kwamba lengo pekee linalowezekana ni sisi. Tofauti yao ni kwamba mmoja anaona limefikiwa na mwingine anaona limekosekana. Kipimo hichohicho wasingekubali kukitumia mahali pengine. Hakuna hata mmoja wao anayesema kwamba mzee aliyelala kitandani, asiyelima wala kuchuuza tena, amepoteza sababu ya kuwapo. Tunajua, angalau juu ya watu, kwamba kufaa na kuwa na thamani ni mambo mawili. Sijathibitisha hapa kwamba nyota ile ina thamani mbele ya Mungu, wala kwamba Mungu yupo. Nimeonyesha tu kwamba kutotufaa kwake hakuamui swali hilo upande wowote. Hoja ya Hoyle inabaki na nguvu yake halali: ni ajabu kwamba sheria za ulimwengu zinaruhusu kaboni. Ajabu hiyo inaweza kumwelekeza mtu kwa Muumba bila kumwambia kwamba yeye mwenyewe ndiye kilele cha shughuli.

Limebaki jambo moja ambalo mwandishi wa kando ya Kivu hana ruhusa ya kuliruka, kwa maana kaboni hiyohiyo huua. Upande wa Goma watu huyajua mazuku, hewa ya ukaa inayokusanyika mabondeni na kumlaza mtoto au mbuzi asiamke. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos nchini Kamerun lilitoa hewa kama iliyomo Kivu na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao. Mitambo ya KivuWatt huko Karongi, inayochota methani na kuzalisha megawati 26, imegeuza sehemu ndogo ya hatari hiyo kuwa umeme. Shehena kubwa bado iko chini. Niliyoyasema hayaelezi kwa nini mtoto afe kwa hewa isiyoonekana, na atakayeyatumia kueleza hivyo atakuwa ameyanyoosha kupita uwezo wake. Lakini yanaondoa jibu moja linalotolewa upesi sana kwenye matanga, kwamba hewa ilitumwa kwa yule mtoto, kumwadhibu mzazi au kuufunza mtaa. Asemaye hivyo anaishika imani ileile ya kwamba kila kaboni ina anwani ya mtu, ila sasa imegeuka upande wake mkali. Rafiki za Ayubu walisema naye kwa namna hiyo, na mwishoni mwa kitabu ni wao waliokemewa.